Uzi maalumu: Emmanuel Amunike, kutoka winga wa Super Eagles ya Nigeria hadi benchi la Taifa Stars

#1 Kona ya Kusini

Wakuu, kila Taifa Stars inapobadilisha kocha jina la Amunike hurudi humu, na mjadala huishia kwenye mambo mawili: alitupeleka AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) baada ya miaka 39, kisha akafungwa mechi zote tatu Misri. Yote mawili ni kweli, ila hayatoshi kumpima. Naweka uzi huu tumjadili mtu mzima, kuanzia alivyocheza hadi alivyofundisha. Wenye takwimu karibuni, wenye ubishi pia.

Nianze na uwanjani. Amezaliwa 25 Desemba 1970, jimbo la Imo. Alipitia Julius Berger ya Lagos, akaenda Zamalek ya Misri mwaka 1991. Pale Cairo ndipo alipokomaa: ubingwa wa ligi, halafu Klabu Bingwa Afrika mwaka 1993 mbele ya Asante Kotoko kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 1994 akatua Sporting ya Lisbon, kocha akiwa Carlos Queiroz, ndani kuna Figo na Balakov. Wakabeba Kombe la Ureno 1995. Msimu wa 1996/97 ukiwa katikati akachukuliwa na Barcelona ya Bobby Robson.

Sasa mwaka 1994, ambao ndio uliomjenga jina. Fainali ya AFCON ilipigwa Tunis, 10 Aprili. Zambia, timu iliyoundwa upya baada ya ajali ya ndege ya Gabon ya Aprili 1993, walitangulia dakika ya 4 kupitia Elijah Litana. Dakika moja baadaye Amunike akasawazisha, na mwanzoni mwa kipindi cha pili, dakika ya 47, akafunga la pili. 2-1, kombe kwa Nigeria. Kwenye Kombe la Dunia Marekani alifunga dhidi ya Bulgaria katika ule ushindi wa 3-0, akafunga tena dhidi ya Italia hatua ya 16 bora. Nigeria waliongoza bao hilo moja mpaka dakika ya 88, Italia wakiwa pungufu baada ya Zola kutolewa kwa kadi nyekundu, ndipo Roberto Baggio akasawazisha na kumaliza kazi kwa penalti kwenye muda wa nyongeza. Mwaka huohuo Amunike akawa Mchezaji Bora wa Afrika.

Hoja yangu kuu ni hii: mechi kubwa ya siku moja ndiyo iliyompa Amunike jina akiwa mchezaji, na akiwa kocha ubora wake umeonekana palepale. Ukimpa kambi na mechi moja ya kufa na kupona, anaipanga vizuri. Ukimpa kampeni ndefu ya kujenga timu hatua kwa hatua, rekodi yake inayumba. Nitaeleza zaidi tukiendelea.

#2 Winga Teleza

Mkuu Kona, umeruka Atlanta 1996 na huwezi kumwandika Amunike bila Atlanta.

Olimpiki ni mashindano ya chini ya miaka 23, ila kila timu inaruhusiwa wachezaji watatu waliozidi umri. Nigeria waliwapeleka Uche Okechukwu, Daniel Amokachi na Amunike. Kocha alikuwa Mholanzi Jo Bonfrere. Nusu fainali waliitoa Brazil 4-3 kwa goli la dhahabu la Kanu, yaani bao la muda wa nyongeza linalomaliza mechi papo hapo. Fainali ilikuwa 3 Agosti dhidi ya Argentina yenye Crespo na Claudio López. Argentina waliongoza mara mbili, Babayaro akasawazisha la kwanza na Amokachi la pili.

Dakika ya 90, faulo kwa Nigeria. Liangalieni lile tukio kwa makini, maana makocha wa vijana hulitumia mpaka leo kufundisha hatari ya mtego wa kuotea (offside). Ukuta mzima wa Argentina ulipanda mbele kwa pamoja sekunde mpira unapigwa, ukitarajia kibendera kiinuke. Mtego wa aina hiyo unadai mambo mawili: wote watoke kwa wakati mmoja, na watoke kabla mguu haujagusa mpira. Wakichelewa hata hatua moja, washambuliaji wanabaki peke yao na kipa. Amunike hakukimbilia mpira mapema. Alibaki kwenye mstari, mpira ukamfikia akiwa hana mtu, akaupiga kabla haujatulia. 3-2. Dhahabu ya kwanza ya Afrika kwenye soka la wanaume la Olimpiki.

Winga anayejua kusubiri ni adimu. Wengi wangekuwa wameshaotea pale.

#3 Msimamo wa Ligi

Naongezea upande ambao watu huupita haraka: goti.

Barcelona alicheza nusu msimu wa kwanza vizuri kiasi, mwaka 1997 wakabeba Kombe la Washindi barani Ulaya na Kombe la Mfalme. Baada ya hapo goti likaharibika, na chini ya Louis van Gaal alikuwa anaonekana kwa nadra mno. Kombe la Dunia 1998 likampita. Mwaka 2000 akaenda Albacete ya daraja la pili Hispania, halafu Korea Kusini, akamalizia Jordan. Takwimu zake za timu ya taifa, mechi 27 na mabao 9, zinaonyesha jinsi muda wake wa juu ulivyokuwa mfupi. Karibu kila kitu kikubwa alichofanya kiko ndani ya miaka mitatu, 1994 mpaka 1996.

Hilo lina maana kwenye ukocha. Mchezaji aliyepoteza kilele chake akiwa na miaka 26 hana subira na kijana anayechezea nafasi aliyopewa. Huo ni mtazamo wangu, ila ukiangalia maamuzi yake ya nidhamu baadaye utaona ninachosema.

#4 Binti wa Ilala

Kaka zangu, mmeanza vizuri. Mimi naomba tuingie kwenye ukocha wenyewe. Watu wengi hapa nyumbani walimjua kwa mara ya kwanza Agosti 2018, lakini TFF, shirikisho letu la soka, haikumtoa hewani. Alikuwa na kombe la dunia mkononi. Nani ana maelezo ya U-17 ya 2015?

#5 Kona ya Kusini

Dada Binti, hii ndiyo sehemu muhimu kuliko zote, ngoja niandike kwa urefu.

Mwaka 2013 alikuwa msaidizi wa Manu Garba kwenye Golden Eaglets, timu ya U-17 ya Nigeria, waliobeba Kombe la Dunia U-17 Falme za Kiarabu, wakaifunga Mexico 3-0 fainali. Kizazi cha Kelechi Iheanacho hicho. Garba akapanda na vijana wake kwenda U-20, Amunike akarithi kiti cha U-17 na kuanza kusaka kizazi kipya kutoka sifuri. Timu ya U-17 haina urithi: ndani ya miaka miwili wachezaji wote wanakuwa wamezidi umri, kwa hiyo kila kocha anaanza upya.

Mapema 2015 walienda AFCON U-17 Niger. Walitoka nusu fainali, wakapoteza pia mechi ya kutafuta mshindi wa tatu. Wa nne Afrika. Bingwa alikuwa Mali. Nafasi ya nne ilitosha kufuzu Kombe la Dunia Chile mwezi Oktoba, lakini Nigeria walilalamika sana, maana wao wamezoea kuwa mabingwa.

Alichofanya baada ya pale ndicho kinachonifanya nimheshimu. Hakung'ang'ania kikosi cha Niger. Aliendelea kusaka na kujaribu vijana, akaenda Chile na timu yenye Victor Osimhen mbele, Kelechi Nwakali akiwa nahodha na mpishi wa kiungo, Samuel Chukwueze pembeni. Matokeo: Marekani 2-0, wenyeji Chile 5-1, wakafungwa na Croatia 2-1, halafu mtoano: Australia 6-0, Brazil 3-0, Mexico 4-2, na fainali tarehe 8 Novemba kule Viña del Mar dhidi ya Mali haohao mabingwa wa Afrika, 2-0, mabao ya Osimhen na Funsho Bamgboye. Osimhen alimaliza na mabao 10, rekodi ya mashindano hayo. Nwakali akachukua tuzo ya mchezaji bora.

Kutoka wa nne Afrika hadi bingwa wa dunia ndani ya mwaka mmoja, akimfunga bingwa wa Afrika fainali. Hiyo ni kazi ya kocha.

#6 Daktari wa Mpira

Kona, niongeze jambo la kitaalamu linaloeleza ugumu wa kazi ya U-17 Nigeria. Tangu mashindano ya 2009 FIFA hutumia kipimo cha MRI kwenye kifundo cha mkono. Wanaangalia sehemu ya ukuaji mwishoni mwa mfupa mkubwa wa mkono wa mbele, upande wa kidole gumba. Mtoto anayekua, sehemu hiyo bado iko wazi. Ikishafunga kabisa, kuna uhakika mkubwa kwamba mhusika amevuka miaka 17, na anaondolewa bila kujali cheti cha kuzaliwa kinasema nini.

Tatizo kwa kocha ni muda wa kupima. Akipima mwishoni, anapoteza nguzo za timu wiki chache kabla ya mashindano na mfumo mzima unavunjika. Akipima mwanzoni tu, mchezaji aliyefaulu akiwa ukingoni anaweza kufeli miezi kadhaa baadaye mfupa ukishafunga. Kwa hiyo kocha makini anapima mapema kabla hajawekeza kwenye mchezaji, anarudia karibu na safari, na kila nafasi anaweka mbadala ambaye mfupa wake bado uko wazi kabisa. Timu ya U-17 yenye wachezaji 11 wazuri na akiba hafifu ni timu iliyo mashakani.

#7 Mzee wa Dimba

Vijana, mnamsifia sana. Semeni na ya pili yake. Baada ya Chile alipandishwa U-20, akiwa na sehemu ya vijana walewale, na hakufika hata AFCON ya vijana. Sudan walimtoa 2016. Mechi ya kwanza Omdurman Nigeria walishinda 2-1. Marudiano Lagos wakafungwa 4-3. Jumla 5-5, Sudan wakapita kwa mabao ya ugenini, manne kwa mawili.

Umeshinda ugenini, umerudi kwako, sare yoyote inakupitisha, hata kufungwa 1-0 unapita. Halafu unaruhusu manne nyumbani! Hilo ni kosa la benchi. Timu inayoongoza jumla inatakiwa ijue lini ifunge duka.

#8 Kona ya Kusini

Mzee wangu, shikamoo. Hilo sikatai, na kwa kweli linaungana na hoja yangu ya #1. Mechi mbili za nyumbani na ugenini zinadai hesabu tofauti na mechi moja ya mtoano: unacheza dakika 180 na bao la ugenini lina uzito wake. Hapo ndipo alipoteleza. Baada ya hapo alikwenda kufundisha klabu ya Al Khartoum hukohuko Sudan, na ndiko alikotoka kuja kwetu.

#9 Msimamo wa Ligi

Tuingie Taifa Stars. Naweka hesabu zote za Kundi L la kufuzu AFCON 2019, maana kumbukumbu za watu zimechanganyika.

Amunike hakuanza kampeni ile. Juni 2017, chini ya Salum Mayanga, tulikuwa tumetoka 1-1 na Lesotho nyumbani. Kwa hiyo alirithi pointi moja na mechi tano zilizobaki:

8 Septemba 2018, Uganda 0-0 Tanzania, Kampala.
12 Oktoba, Cape Verde 3-0 Tanzania, Praia.
16 Oktoba, Tanzania 2-0 Cape Verde, Dar. Msuva na Samatta.
18 Novemba, Lesotho 1-0 Tanzania, Maseru.
24 Machi 2019, Tanzania 3-0 Uganda, Dar. Msuva dakika ya 21, Erasto Nyoni kwa penalti ya 51, Aggrey Morris ya 57.

Kabla ya mechi ya mwisho msimamo ulikuwa Uganda 13 wameshafuzu, Tanzania 5, Lesotho 5, Cape Verde 4. Wanaofuzu ni wawili. Kanuni ya CAF mkilingana pointi inaangalia kwanza matokeo ya wao kwa wao, na hapo tulikuwa vibaya kwa wote: Lesotho tulitoka nao 1-1 na 0-1, Cape Verde jumla 2-3. Kwa maana hiyo kulingana pointi na yeyote kungetuondoa.

Sasa hesabu ya siku ile. Sisi sare, tunafika 6: Cape Verde wakishinda wanafika 7, Lesotho wakitoa sare tunalingana na wanatuzidi. Tumetoka kwa njia zote. Kwa hiyo ushindi ulikuwa lazima. Na hata tukishinda, Lesotho wakishinda Praia wanafika 8 sawa na sisi, wanapita wao. Tulihitaji ushindi wetu na Lesotho wasishinde. Ikawa 3-0 Dar na 0-0 Praia. Mwisho: Uganda 13, Tanzania 8, Lesotho 6, Cape Verde 5.

Na zingatieni hili: Uganda ya Sébastien Desabre ilikuwa haijaruhusu bao hata moja kwenye mechi tano za kundi lile. Mabao yote matatu waliyofungwa kwenye kampeni nzima walifungwa Dar siku ile.

#10 Winga Teleza

> Uganda 13 wameshafuzu

Mkuu, hapo ndipo wabishi wanaposimama. Uganda walikuwa hawana cha kupoteza. Tuwe wakweli.

#11 Msimamo wa Ligi

Ni kweli walishafuzu, na hilo lilitusaidia. Ila walikuja na rekodi ya kutofungwa ambayo kila kipa na beki angependa kuimaliza nayo. Uzito wa ushindi unabaki. Niongeze jambo lingine la ukweli: AFCON 2019 ilikuwa ya kwanza yenye timu 24. Kwenye mfumo wa zamani wa timu 16, nafasi ya pili kwa pointi 8 isingetufikisha popote. Tusiwadharau wachezaji, lakini tusisahau pia kwamba mlango ulikuwa umepanuliwa.

#12 Binti wa Ilala

Na nidhamu jamani? Mbona hakuna aliyegusa sakata la Simba?

Kwa wasiokumbuka: kikosi chake cha kwanza kabisa, kwa ajili ya safari ya Kampala, aliwaondoa wachezaji kadhaa wa Simba kwa kuchelewa kuripoti kambini, wakiwemo John Bocco, Shomari Kapombe na Erasto Nyoni. Mjini kukawaka moto. Kocha mgeni, hajacheza hata mechi moja, anaondoa nusu ya uti wa mgongo wa bingwa wa nchi! Alienda Kampala bila wao akarudi na sare ya 0-0 kwenye uwanja ambao timu nyingi hufungwa.

Kilichonivutia ni kilichofuata. Hakuwawekea kinyongo. Nyoni huyohuyo ndiye aliyewekewa mpira wa penalti dhidi ya Uganda Machi 2019. Bocco na Nyoni wote walikwenda Misri.

#13 Mzee wa Dimba

Dada, nidhamu sawa, lakini kocha wa timu ya taifa hana anasa ya kutupa wachezaji. Klabu ina wachezaji wake kila siku. Timu ya taifa inawapata siku chache.

#14 Kocha wa Mchangani

Mzee amegusa penyewe, na hapa ndipo watu wengi hawapigi hesabu. Tuzihesabu hizo siku.

Dirisha la FIFA, yaani siku ambazo klabu zinalazimika kuwaachia wachezaji waende timu za taifa, linaanza Jumatatu. Septemba 2018 lilianza tarehe 3 na mechi ya Kampala ilikuwa Jumamosi tarehe 8. Mchezaji wa Ulaya au Morocco alicheza klabu Jumamosi au Jumapili, Jumatatu anasafiri, Jumanne mwili bado umechoka, Ijumaa ni mazoezi mepesi. Zinabaki siku mbili za kufundisha mfumo. Oktoba ikawa ngumu zaidi: dirisha Jumatatu tarehe 8, mechi Ijumaa tarehe 12 visiwani katikati ya Atlantiki, halafu kuruka bara zima kurudi kucheza Dar Jumanne tarehe 16. Pale Praia tulipigwa tatu, na siku nne baadaye timu ileile ikaifunga Cape Verde mbili. Ukitaka kuona kocha anayesahihisha makosa haraka, angalia siku nne zile.

Machi 2019 ilikuwa nafuu: dirisha Jumatatu tarehe 18, mechi Jumapili 24. Karibu wiki nzima, mechi moja tu, nyumbani. Hiyo ndiyo hali inayompendeza Amunike.

Ila haki itendeke: Novemba nako alikuwa na Jumatatu tarehe 12 mpaka Jumapili 18 kujiandaa na Lesotho, na akafungwa. Maseru iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mpira kule unaruka kwa kasi zaidi kwa sababu hewa ni nyepesi, pasi ndefu inapita unakotaka ifike, na mchezaji aliyezoea pwani anaishiwa pumzi kipindi cha pili mapema. Dawa ni mbili: ufike mapema sana mwili uzoee, au ucheze taratibu, mpira chini, ukipunguza mbio zisizo na sababu. Sisi bao tuliruhusu kipindi cha pili, baada ya saa nzima na zaidi ya kujilinda. Kujilinda muda mrefu kwenye mwinuko ni kazi ya kukimbia bila mpira, ndiyo inayochosha kuliko zote. Ile mechi mpango wake ulikuwa mbovu na nitaisema hivyo hata mbele ya Kona.

#15 Kona ya Kusini

Na mimi nakubali. Maseru ndiyo doa lake kubwa kwenye kufuzu. Kama Lesotho wangeshinda Praia Machi, leo tungekuwa tunamzungumzia kwa lugha nyingine kabisa.

#16 Winga Teleza

Haya, Misri. Tuambizane ukweli: kundi lilikuwa gumu au tulikuwa wabovu?

#17 Msimamo wa Ligi

Yote mawili. Kundi C lilikuwa na Senegal na Algeria, ambao ndio waliokutana fainali. Hakuna kundi jingine lililotoa wafainali wote wawili.

Kambi ilikuwa ndefu safari hii. Tulicheza na wenyeji Misri mechi ya kirafiki tukafungwa 1-0, tukatoka sare na Zimbabwe. Kisha:

23 Juni, Senegal 2-0. Mané hakucheza kwa sababu ya kadi. Keita Baldé na Krépin Diatta wakafunga.
27 Juni, Kenya 3-2.
1 Julai, Algeria 3-0, tena kocha wao Belmadi akiwa amebadilisha karibu kikosi kizima. Slimani moja, Ounas mawili, yote kabla ya mapumziko.

Pointi sifuri, mabao mawili ya kufunga, manane ya kufungwa. Kikosi cha 1980 kule Lagos kilirudi na pointi moja ya sare na Ivory Coast, kwa hiyo kwa namba wale wazee walifanya vizuri zaidi.

#18 Kocha wa Mchangani

Mechi ya Kenya ndiyo ya kusoma. Tuliongoza mara mbili. Dakika ya 6 Samatta alipiga, kipa wao Matasi akatema, Msuva akamalizia. Hilo lilikuwa bao letu la kwanza AFCON tangu 1980. Olunga akasawazisha dakika ya 39, na dakika moja baadaye Samatta akarudisha uongozi. Mapumziko 2-1.

Kipindi cha pili tukarudi nyuma. Dakika ya 62 Johanna Omolo akafunga kwa kichwa kutokana na kona. Dakika ya 80 Olunga akamaliza. Tatizo ninaloliona: timu ilishuka nyuma bila kuwa na mtu wa kushika mpira juu. Kila mpira uliookolewa ulirudi ndani ya sekunde chache. Ukiongoza bao moja na unataka kulinda, lazima ubaki na angalau njia moja ya kutokea: ama mshambuliaji mkubwa wa kushika mpira na kusubiri wenzake, ama winga mwenye kasi wa kutishia nyuma ya mabeki wao. Bila hivyo mabeki wa pembeni wa mpinzani wanapanda wote wawili, kona zinaongezeka, na kona ikiongezeka bao la kichwa linakuja. Omolo ni kiungo, tena si mrefu. Mchezaji wa aina ile akifunga kwa kichwa kwenye kona maana yake mgawanyo wa kukaba ulivunjika, mtu alimwacha wake.

Mnaona kufanana na ile ya Sudan 2016? Kuongoza, kisha kushindwa kufunga duka. Mzee wa Dimba alisema mapema.

#19 Mzee wa Dimba

Ndicho nilichokuwa nakitafuta hicho. Ahsante mwalimu.

#20 Msimamo wa Ligi

Naweka hesabu moja ambayo itawashangaza wengi. Hata kama tungeshikilia 2-1 dhidi ya Kenya, tusingepita. Washindwa bora wanne kati ya sita wa nafasi ya tatu walipita. Sisi tungemaliza na pointi 3 na tofauti ya mabao hasi nne. Guinea walikuwa na 4. DR Congo na Benin walikuwa na 3, tofauti sifuri. Afrika Kusini 3, tofauti hasi moja. Wote wanatuzidi. Kenya wenyewe walimaliza na 3 na hasi nne, wakarudi nyumbani.

Kwa hiyo kilichotutoa ni mabao matano ya Senegal na Algeria kwa pamoja. Kwenye mfumo ule, kufungwa 1-0 badala ya 3-0 kuna thamani kubwa. Timu ndogo inatakiwa iingie na mpango wa kupoteza kwa uchache.

#21 Binti wa Ilala

Hesabu hii sijawahi kuiona popote, Msimamo. Na uteuzi je? Watu walipiga kelele sana kuhusu Jonas Mkude na Ibrahim Ajibu kuachwa.

#22 Kona ya Kusini

Ajibu msimu ule alikuwa anapika mabao Yanga, Mkude alikuwa kiungo wa Simba iliyofika robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Kuwaacha kulikuwa na gharama. Mtazamo wangu: Ajibu hakuendana na timu inayojilinda kwa sababu bila mpira mchango wake ulikuwa mdogo, hapo namwelewa kocha. Mkude simwelewi. Ukicheza na Senegal na Algeria unahitaji kiungo anayetulia na mpira akiwa anabanwa, ili mabeki wapumue, na nchini wakati ule hakukuwa na wengi wa aina hiyo. Alimchukua Feisal Salum, aliyekuwa bado kijana, na Himid Mao na Mudathir ambao ni wakabaji zaidi.

Tarehe 8 Julai 2019, wiki moja baada ya Algeria, TFF ikatangaza kuachana naye kwa makubaliano. Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili, hakumaliza hata mmoja. Etienne Ndayiragije, Mrundi aliyekuwa Azam, akashika kwa muda.

Kwangu hapo ndipo TFF ilipokosea. Kocha ambaye rekodi yake bora ni ya vijana ungempa pia jukumu la kuunganisha Serengeti Boys (U-17), Ngorongoro Heroes (U-20) na Taifa Stars. Aprili ileile ya 2019 AFCON U-17 ilichezwa Dar, Serengeti Boys wakafungwa 5-4 na Nigeria mechi ya ufunguzi, na yeye akamwita Kelvin John kwenye kikosi cha awali cha wakubwa. Jicho alikuwa nalo.

#23 Winga Teleza

Ukimlinganisha na Wanigeria wenzake wa 1994 waliogeukia ukocha yuko wapi? Keshi juu ya wote bila ubishi: nahodha wa 1994, kocha bingwa wa AFCON 2013. Kabla yake ni El Gohary wa Misri peke yake aliyewahi kubeba kombe lile kama mchezaji na kama kocha. Na Keshi aliifikisha Togo Kombe la Dunia 2006, ingawa waliokwenda nayo Ujerumani ni wengine. Siasia alikuwa na fedha ya Olimpiki 2008 na shaba 2016. Finidi alipewa Super Eagles 2024 akaachia ndani ya miezi miwili.

#24 Kona ya Kusini

Namweka wa tatu, nyuma ya Keshi na Siasia. Kombe la dunia la vijana ni kubwa, na kuifuzisha nchi ambayo si yake baada ya miaka 39 ni jambo ambalo Siasia hana. Keshi peke yake ndiye aliyefanya yote, kufuzisha nchi ya wengine na kubeba kombe na ya kwake.

#25 Kocha wa Mchangani

Kabla sijalala, niongeze moja kuhusu benchi lake. Wasaidizi wake Taifa Stars walikuwa Mnigeria Emeka Amadi na Hemed Suleiman "Morocco" wa Zanzibar. Morocco alikaa pembeni yake kampeni ile yote. Januari 2024, AFCON ya Ivory Coast ikiendelea, Adel Amrouche aliposimamishwa, ni Morocco aliyeshika timu, na Novemba mwaka huo akatufuzisha AFCON 2025 kwa kuifunga Guinea 1-0 Dar, bao la Msuva. Ukizitazama mechi ya Uganda ya 2019 na ya Guinea ya 2024 moja baada ya nyingine utaona zinafanana: mechi ya mwisho ya kundi, nyumbani, lazima ushinde, na Msuva kwenye ubao wa wafungaji. Mwenye video ya zote mbili azitazame dakika 20 za mwanzo, halafu arudi hapa atuambie timu ilikuwa inakabia kuanzia wapi.

#26 Mzee wa Dimba

Mimi ninazo. Kesho jioni naweka hapa dakika kwa dakika.